Mashine ya kupigia polishi gari na boti nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetaka kununua mashine yake mwenyewe na kuitumia nyumbani. Kila mahali tumetanguliza jambo moja: rangi ikishaliwa hairudi. Mashine nzuri kwa anayeanza ni ile inayompa muda wa kuona kosa kabla halijafika mwisho wa klia, ule utando angavu unaofunika rangi ya gari.

Nikiwa na uwezo wa kununua mashine moja tu, nichukue ipi?

Chukua ya mwendo maradufu (pedi yake huyumba na kuzunguka kwa pamoja), yenye mzingo (upana wa duara la kuyumba) wa milimita 15, sahani (kitako kinachoshika pedi ya kusugulia) ya milimita 125 na kidhibiti mwendo cha ngazi tano au sita. Itaondoa mikwaruzo ya kuoshea, itang'arisha, itapaka nta, na ni vigumu kuunguza rangi kwayo hata ukiishika kwa mara ya kwanza. Boti ya faibaglasi ambayo haijapauka sana nayo itaimudu. Lakini kama kazi yako kubwa ni boti inayoacha unga mweupe kiganjani ukiipapasa, jibu linabadilika. Soma swali la boti kabla hujalipa.

Rotari, mwendo maradufu na mashine ya gia zinatofautianaje?

Rotari huzungusha pedi palepale kama gurudumu kwenye ekseli, mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika. Nguvu ya mota inafika yote kwenye rangi. Ndiyo maana inakula haraka, na ndiyo maana inaunguza haraka: ukituama mahali pamoja kwa sekunde chache, hasa kwenye ukingo au kwenye bampa la plastiki, joto hupanda hadi klia ikalainika na kuchunika. Pia huacha alama zake zenyewe, mistari ya mawimbi inayoonekana juani.

Katika mwendo maradufu, pedi inayumba katika duara dogo huku ikijizungukia. Mota huendesha kule kuyumba tu. Sahani imeachwa huru juu ya beringi, nayo huzunguka kwa msukumo wa kuyumba. Ukiikandamiza kupita kiasi au ukiilaza upande, mzunguko unakufa na pedi inabaki kutetemeka. Udhaifu huo ndio usalama wake, kwa kuwa mashine inaacha kula rangi kabla mkono wako haujafanya uharibifu.

Ya gia huyumba vilevile, ila mzunguko wa pedi unasukumwa na meno ya gia, kwa hiyo hausimami kwenye mikunjo ya bodi wala kwenye tumbo la boti. Inakula karibu sawa na rotari na inamaliza safi kuliko rotari. Gharama yake ni mtikisiko, joto zaidi kwenye pedi, na tabia ya kumvuta mtumiaji upande mmoja. Si mashine ya kujifunzia, lakini kwa mwenye gari na boti ambaye tayari ana mkono mtulivu, ni chaguo zuri sana.

Mzingo wa milimita 8, 15 au 21 una maana gani kazini?

Ni upana wa lile duara ambalo pedi inayumba ndani yake. Kila yumbo moja la mzingo wa milimita 8, pedi husafiri kama milimita 25. Kwa milimita 15 husafiri kama 47, na kwa 21 kama 66. Kwa hiyo, kwa kasi ileile, mashine ya 21 inasugua asilimia 40 zaidi ya ile ya 15.

Hilo linasikika kama sababu ya kuchukua 21 moja kwa moja. Kwenye paa, boneti na ubavu wa boti ulionyooka ni kweli inamaliza kazi mapema. Lakini gari la kisasa limejaa mikunjo na vijia vyembamba, na mzingo mkubwa hukwama hapo: upande mmoja wa pedi unashika, mwingine unaning'inia, mzunguko unakufa. Milimita 8 au 9 ni tulivu mkononi na nzuri kwa kumalizia, ila kwa klia ngumu utachoka kabla mikwaruzo haijatoka. Milimita 15 inafika karibu kila mahali.

Je, nitazame wati?

Kidogo tu. Mashine ya mwendo maradufu yenye wati 700 hadi 900 inatosha kwa gari. Rotari ya boti iwe na wati 1,100 au zaidi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni umeme unaoingia, na haikuambii ni kiasi gani kinafika kwenye pedi.

La maana zaidi ni kama mashine ina saketi ya kushikilia mwendo inapobebeshwa mzigo. Isiyo nayo hupunguza kasi mara tu unapoikandamiza, nawe unakandamiza zaidi, nayo inapungua zaidi. Tazama pia kama inaanza polepole. Inayoruka moja kwa moja hadi kasi ya juu hurusha kompaundi, ile polishi kali ya kukata, ukutani. Uzito ni jambo la tatu: kilo 2.5 ni nyepesi dukani, lakini ubavuni mwa boti, mikono ikiwa imeinuliwa kwa saa mbili, kila gramu 300 utaihisi.

Sahani na pedi ziwe na ukubwa gani?

Pedi lazima iwe kubwa kuliko sahani. Sahani ya milimita 125 ivae pedi ya 130 hadi 150, ili ukingo wa plastiki usiguse rangi. Kuliko kununua pedi kubwa mno, nunua sahani ya pili ya milimita 75 kwa nguzo za madirisha, bampa na sehemu za kuzunguka taa.

Hapa kuna mtego. Mashine za mwendo maradufu zina uzani wa kusawazisha ulioundwa kwa sahani ya ukubwa fulani. Ukifunga ya 75 kwenye mashine iliyosawazishwa kwa 150, itatetemeka vibaya na beringi italiwa mapema. Kitabu cha mashine kinataja ukubwa unaoruhusiwa, usiupite.

Kwa rotari, angalia thredi ya ekseli. Mashine nyingi za umeme wa volti 230 hutumia M14, na za Amerika ya Kaskazini hutumia inchi 5/8 yenye meno 11 kwa inchi. Hizi mbili hazioani, hata kama sahani inaonekana kushika mwanzoni. Sahani iliyolazimishwa huchomoka mashine ikiwa kasi.

Ya waya au ya betri?

Betri ya volti 18 na Ah 5 (ampea-saa) ina nishati ya Wh 90 (wati-saa). Kazi inayovuta wati 300 mfululizo huimaliza kwa dakika 18. Gari zima kwa pedi ya kukata linaweza kuchukua saa nne au zaidi. Piga hesabu ya betri mwenyewe. Kwa nyumba yenye soketi karibu, waya unashinda. Betri ina nafasi yake kwa mashine ndogo ya milimita 75, na kwa boti iliyoegeshwa mbali na umeme ikiwa unapaka nta tu.

Ukitumia waya karibu na maji, ekstensheni ipite kwenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha mA 30. Usitumie ekstensheni ikiwa bado imeviringwa kwenye roli, kwa maana hupata moto. Waya wa mashine uupitishe begani, usije ukaburuta juu ya rangi uliyotoka kuing'arisha.

Siwezi kutumia grenda au drili niliyo nayo?

Grenda ya kawaida inazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika. Hiyo inapasua pedi na kutoboa klia papo hapo. Usijaribu. Drili yenye sahani ndogo inafaa kwa taa za mbele zilizofifia, lakini umbo lake halikuruhusu kuilaza pedi sawasawa kwenye paneli kubwa. Zile mashine nyepesi za mikono miwili zenye kofia ya kitambaa ni za kusambaza nta, mkwaruzo hazitoi.

Klia ya gari ina unene gani, na nitajuaje kwamba sijaimaliza?

Klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 hadi 60 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani chini ya unene wa unywele wa watu wengi. Rangi yote pamoja na praima kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 160. Polishi laini huondoa chini ya mikroni moja, na kompaundi kali kwa pedi ya sufu huweza kuondoa mikroni kadhaa kwa raundi moja. Gari lililopigwa kompaundi kila mwaka na mtu asiyejali linaweza kuwa limebakiwa na kidogo sana.

Kipimo cha unene wa rangi husaidia, ila ujue mipaka yake. Cha sumaku hufanya kazi kwenye chuma tu, kwa alumini unahitaji chenye uwezo wa zote mbili, na bampa la plastiki hakiwezi kulipima. Kinakupa jumla ya tabaka zote, bila kutenga klia. Ukisoma 120 kila mahali halafu mlango mmoja ukasoma 80, mlango huo umeshasagwa: upige polishi laini tu. Ukisoma 250 na zaidi, umepakwa rangi upya. Ukikuta maelfu, chini kuna puti.

Bila kipimo, tumia ukucha. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha ni wa kina mno kuuondoa kwa polishi. Unaweza kuufifisha kingo zake. Ukiufuata hadi mwisho utatoboa. Na kabla ya yote, sugua mahali pa kificho kwa polishi na kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, basi hiyo ni rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Inang'arishika vizuri, lakini itachafua kila pedi, na unachokiondoa ni rangi yenyewe.

Mikunjo mikali ya bodi na kingo za paneli ndipo rangi ilipo nyembamba zaidi. Zizibe kwa tepu ya karatasi. Ukitumia rotari, hakikisha pedi inazunguka ikitoka nje ya ukingo, kamwe isiuingie.

Mashine ya gari inatosha kwa boti?

Inategemea hali ya jelikoti, ule utando wa nje wa boti. Jelikoti ya boti ya faibaglasi kwa kawaida ina unene wa nusu milimita hivi, mikroni 500, karibu mara kumi ya klia. Kwa hiyo inavumilia zaidi. Lakini ina vinyweleo vidogo, na jua huigeuza unga. Unga huo huziba pedi ya foamu ndani ya dakika chache, na mashine ndogo ya mwendo maradufu inabaki kupapasa.

Papasa ubavu kwa kiganja. Kikitoka safi na ubavu bado unaonyesha kivuli cha mkono wako, mashine ya milimita 15 au 21 yenye kompaundi ya jelikoti itatosha. Kikitoka cheupe na ubavu hauonyeshi kitu, unahitaji rotari au ya gia, pedi ya sufu ya milimita 180 hadi 200, na mwendo wa mizunguko 1,000 hadi 1,800. Sufu hukata haraka na hupitisha hewa, hivyo haipati joto kama foamu. Nyunyiza maji kidogo kila kompaundi inapoanza kukauka, na chana sufu mara kwa mara kwa kifaa chake cha meno.

Ikiwa hata sufu haileti mng'ao baada ya raundi mbili, usizidishe nguvu. Tabaka lililokufa ni nene. Lisugue kwa msasa wa maji. Anza na msasa laini zaidi unaoweza kufanya kazi, tuseme 1,500 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi). Ukishindwa shuka 1,000, na 800 kama hakuna njia nyingine. Halafu rudi juu hatua kwa hatua hadi 2,000 kabla ya kompaundi. Kuruka kutoka 800 kwenda kompaundi ndiyo sababu kubwa ya mistari inayojitokeza juani siku iliyofuata.

Kuna udanganyifu mmoja hapa. Kompaundi nyingi zina mafuta yanayojaza vinyweleo, na boti inang'aa jioni hiyo kisha kupauka baada ya wiki chache. Kabla ya kupaka nta, futa sehemu ndogo kwa mchanganyiko wa maji na alkoholi ya isopropili, alkoholi iwe kati ya asilimia 10 na 25. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho mng'ao halisi. Kisha ziba kwa nta au silanti (dawa ya kuziba inayotumika badala ya nta) siku hiyohiyo, maana jelikoti iliyo wazi huanza kunywa uchafu mara moja.

Vaa miwani na barakoa. Unga wa jelikoti, pamoja na nyuzi za sufu zinazoruka, si wa kuvutwa mapafuni.

Ninunue pedi zipi, na ngapi?

Kwa gari dogo: pedi tano au sita za foamu ya ugumu wa kati, mbili laini za kumalizia, mbili za maikrofaiba kwa klia ngumu. Watu hununua mashine ya gharama na pedi mbili, kisha hulaumu mashine. Pedi iliyolowa kompaundi na vumbi la rangi haikati; inapata joto, inalegea, na velkro yake inabanduka. Baada ya paneli mbili, badilisha.

Usiamini rangi ya pedi. Ya njano kwa mtengenezaji mmoja ni ya kukata, kwa mwingine ni ya kumalizia. Soma maelezo.

Nifanyeje kipande kimoja, hatua kwa hatua?

Osha gari, pitisha dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, kisha udongo wa kusafishia rangi hadi kiganja kiteleze bila kukwama. Kausha. Fanya kazi kivulini na bodi ikiwa imepoa. Ziba plastiki nyeusi na mipira kwa tepu, kwa kuwa polishi nyeupe ikikauka humo haitoki kwa urahisi.

Chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50 cha majaribio. Pedi mpya ipake polishi nyembamba uso mzima. Baada ya hapo matone matatu au manne ya ukubwa wa punje ya njegere yanatosha. Iweke pedi juu ya rangi kwanza, ndipo uwashe. Sambaza kwa ngazi ya 1 au 2, kisha panda hadi 4 au 5. Sogeza mkono polepole, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Pita wima, kisha mlalo, mara nne hadi sita kwa jumla. Zima mashine ikiwa bado juu ya rangi. Futa, mulika kwa taa ya pembeni, kagua.

Anza na pedi laini na polishi laini kila mara. Zikiondoa unachotaka, huna haja ya kitu kikali. Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, nayo ndiyo inayookoa klia nyingi kuliko nyingine yoyote.

Kuhusu mgandamizo: mashine ikiwa imezimwa, ilaze juu ya mizani ya kupimia watu na uikandamize hadi isome kilo 5. Ukumbuke uzito huo mkononi.

Pedi inasimama kuzunguka. Mashine ni mbovu?

Mara nyingi siyo. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito ukingoni mwa sahani ili uone mzunguko. Ukisimama, sababu kwa mpangilio wa kawaida wake ni hizi: umeilaza upande, umekandamiza mno, pedi imelowa na kuwa nzito, mwendo uko chini mno, au paneli ina mkunjo. Kwenye mkunjo punguza mgandamizo, na ikibidi hamia kwenye sahani ndogo. Kama inasimama hata kwenye sehemu tambarare ya boneti kwa mkono mwepesi, ndipo ushuku beringi.

Polishi inakauka na kutoa vumbi jingi. Kwa nini?

Bodi ina joto, au kipande ni kikubwa mno, au umezidisha raundi baada ya polishi kuisha nguvu. Polishi nyingi mno nayo huleta shida, kwani inateleza bila kukata na kuganda kwenye pedi. Safisha pedi kwa brashi kila baada ya kipande kimoja.

Baada ya rotari naona mawimbi kwenye rangi nyeusi.

Hayo ni mabaki ya mzunguko wa upande mmoja. Yatoe kwa mwendo maradufu, pedi laini na polishi ya kumalizia, raundi tatu au nne bila kukandamiza. Rangi nyeusi karibu kila mara inadai hatua hii ya pili. Ukungu unaoachwa na pedi ya maikrofaiba huondolewa vivyo hivyo.

Ni wapi nisipitishe mashine kabisa?

Rangi isiyong'aa, iwe ya kiwandani au ya stika: ukiing'arisha sehemu moja huwezi kuirudisha. Klia iliyoanza kubanduka, kwa sababu pedi itainua ukingo na kueneza kidonda. Kwenye boti, sakafu ya kuzuia utelezi isipigwe kompaundi wala nta, mtu ataanguka. Rangi ya chini ya maji ya kuzuia viumbe vya baharini nayo usiiguse kwa mashine. Ina sumu, na vumbi lake litakuingia. Nembo, antena na vitasa vilivyolegea vizunguke kwa mkono.

Naweza kununua mashine iliyotumika?

Ndiyo, ukiikagua ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Shika sahani na uitikise huku mashine imezimwa: ikicheza kuelekea juu na chini, beringi imekwisha. Iache izunguke dakika tatu kwa kasi ya juu. Cheche chache kwenye kaboni za mota ni za kawaida, ila cheche zinazozunguka duara zima, harufu ya kuungua, au mwendo unaopanda na kushuka wenyewe ni dalili mbaya. Kaboni zilizoisha hubadilishwa kwa dakika kumi ikiwa mashine ina vifuniko vyake pembeni. Isiyo navyo inabidi ifunguliwe yote. Velkro ya sahani ikiwa imechoka, hesabu sahani mpya kwenye bei. Na uulize kama sahani ya ukubwa huo bado inapatikana kabla ya kuondoka nayo.